Mgeni Mlangoni, Mbwa Uani

Masomo: Kumbukumbu la Torati 22:8, Kutoka 21:28-29, Marko 7:24-30



Tumeombwa kuandika maneno machache juu ya kuwakaribisha wageni. Tulipoombwa tulicheka kidogo, kisha tukanyamaza, kwa maana jambo hili limetugusa nyumbani mwetu, wala halikutugusa kwa sifa. Lakini mwalimu asiyeweza kukiri kosa lake mbele ya darasa hafai kusahihisha makosa ya wengine. Basi tutasema yote.

Sisi tunaokaa Kariakoo, Gerezani na Ilala tunakaa mahali ambapo mgeni hakosekani. Jina lenyewe la Kariakoo lilitokana na wageni. Waingereza walipouteka mji huu mwaka 1916, mahali hapa palikuwa na kambi ya kikosi cha wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps kwa lugha yao, na ndimi za wenyeji zikalitamka jina hilo Kariakoo. Wapagazi wale walichukuliwa kutoka vijiji vya mbali, na wengi hawakuyaona tena makwao. Kwa hiyo ardhi hii ya soko iliwahi kuwa kambi ya watu waliolala ugenini. Lile jengo kubwa la soko alilolichora ndugu yetu Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, likaungua mwezi wa Julai mwaka 2021, na hata moto ule haukuwazuia watu kuja. Wanakuja kutoka Lubumbashi, Lusaka, Lilongwe na Moroni. Wanakuja kutoka Songea, Mbeya na Tabora. Na wengine hawaji kununua vitenge wala vyombo. Wanaleta wagonjwa wao Muhimbili na Ocean Road, na wanahitaji mahali pa kulala hata siku ya kuonana na daktari ifike.

Watu hawa wote hulala wapi? Wengi hulala kwetu. Watoto wetu wameoa na kuolewa, vyumba vimebaki vitupu, na pensheni ya mstaafu haifiki mwisho wa mwezi. Basi tunapaka chokaa chumba, tunanunua godoro na chandarua, na vijana wetu wanatuwekea picha na bei kwenye simu. Mgeni anachagua, anatuma fedha, anafika na begi lake, nasi hatujapata kumwona wala yeye hajapata kutuona. Akikaa siku tatu, au juma moja, anakwenda zake.

Je, ni dhambi kumtoza mgeni? Ndugu wengine husema ukarimu wa kulipwa si ukarimu. Tusome Luka sura ya 10. Yule Msamaria mwema alimpeleka majeruhi katika nyumba ya wageni, akampa mwenye nyumba dinari mbili, na kuahidi kulipa kitakachozidi. Bwana wetu hakumlaumu mwenye nyumba kwa kupokea dinari zile. Kazi yake ilikuwa halali. Ila tukumbuke kwamba alilipwa ili amtunze yule mtu. Fedha ya mgeni haimwondolei mwenyeji wajibu, inamwongezea. Mgeni wa bure akiumia kwako umekosea. Mgeni aliyekulipa akiumia kwako umekosea, na tena umekula fedha yake.

Tena tunao mfano mzuri katika Wafalme wa Pili sura ya 4. Mwanamke wa Shunemu alimwambia mumewe wamjengee nabii Elisha chumba kidogo juu ya nyumba yao, wakaweka humo kitanda, meza, kiti na taa. Vitu vinne tu. Lakini tazameni jinsi alivyofikiri yule mama. Alikaa akawaza: huyu mtu akifika amechoka atataka nini? Atalala wapi, atakula wapi, ataketi wapi, usiku ataona kwa kitu gani? Huo ndio ukarimu: kutembea kwa mawazo ndani ya nyumba yako mwenyewe kama mtu asiyeijua. Sisi tulikumbuka kitanda, meza na kiti. Taa tuliisahau, na katika giza lile ndipo lilipotokea la kutokea.

Sasa tuje kwa mbwa. Katika eneo letu wenye mbwa ni wachache, kwa sababu majirani wetu wengi ni Waislamu, na kwao mate ya mbwa ni najisi. Sisi tulianza kufuga baada ya wezi kuruka ukuta mara mbili katika mwezi mmoja. Tulipata mbwa wawili, tukawaita Simba na Popi. Mchana walifungwa mnyororo uani chini ya mwarobaini, na saa nne usiku walifunguliwa. Wezi hawakurudi tena.

Hatusemi kwamba kufuga mbwa ni vibaya. Ni kweli Maandiko mara nyingi humtaja mbwa kwa dharau. Lakini mbwa wa kundi anatajwa katika Ayubu 30, na katika kitabu cha Tobiti, ambacho Kanisa letu hukisoma kwa mafundisho ya mwenendo mwema, kijana Tobia anaposafiri na malaika, mbwa wao anafuatana nao njiani. Na katika Luka 16, Lazaro alipolala na vidonda vyake mlangoni pa tajiri, waliomjia ni mbwa. Mwenye nyumba hakutoka. Basi tusimtupie mbwa lawama zote. Mara nyingi kosa la uani huwa limeanzia sebuleni.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu.

Siku moja alipiga simu mama mmoja kutoka mikoa ya kusini. Alikuwa na miadi ya daktari, akataka chumba kwa siku sita, yeye na mwanawe wa miaka saba. Mwishoni akauliza, "Samahani, mwalimu, hapo nyumbani mna mbwa? Mwanangu anawaogopa." Mmoja wetu akajibu, "Wapo, mama, lakini wamefungwa. Hawana neno."

Ndugu, tuyapime maneno hayo kama tunavyopima jibu la mwanafunzi. "Wapo" ni kweli. "Wamefungwa" ni kweli ya mchana, na ni uongo wa usiku. "Hawana neno" ni uongo kabisa, kwa sababu miezi mitatu kabla ya hapo Simba alimrukia kijana muuza mkaa na kumchana suruali. Tulimlipa suruali, tukamwomba asiseme, tukasahau. Tena kadi za chanjo za mbwa wale zilikuwa zimepitwa na wakati kwa mwaka na zaidi. Tulijua hayo yote. Lakini chumba kilikuwa hakijapata mtu kwa majuma mawili, na bili ya umeme ilikuwa juu ya meza.

Mama akaja. Usiku wa kwanza na wa pili ulipita salama. Nyumba yetu ni ya Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na choo kiko uani. Tulimwonyesha choo. Hatukumwambia kwamba kuanzia saa nne usiku uani ni kwa mbwa. Tulidhani atatuamsha. Mgeni gani anathubutu kumwamsha mwenyeji mzee usiku kwa habari ya choo?

Usiku wa tatu, saa kumi na moja alfajiri, mtoto aliamka akiwa amebanwa. Hakutaka kumsumbua mama yake aliyekuwa mgonjwa. Akafungua komeo la mlango wa uani, akatoka peke yake gizani. Tulisikia ukelele. Tulipofika, Simba alikuwa amemshika mguu, chini ya goti.

Hapa tunaona haya kusimulia. Mmoja wetu alikimbilia kutafuta mafuta ya taa ayamwage juu ya kidonda, kama tulivyoona watu wakifanya utotoni. Na mwingine, kinywa kikiwa wazi kabla ya akili, akasema, "Mtoto mwenyewe alimchokoza." Adamu alisema ni mwanamke, Hawa akasema ni nyoka, sisi tukasema ni mtoto wa miaka saba.

Ndipo aliingia jirani yetu. Ni mama Mwislamu, muuguzi mstaafu, aliyekuwa ameamka kwa sala ya alfajiri. Tangu tufuge mbwa, mama huyu alikuwa hajapata kukanyaga uani kwetu. Tukiwa na jambo aliketi barazani, nasi tulizoea hivyo, wala hatukupata kujiuliza ni kitu gani tulichomwondolea jirani yetu kwa ajili ya ulinzi wetu. Alfajiri ile aliingia moja kwa moja. Alituambia tumfunge mbwa na tuweke mbali mafuta yale. Akamkalisha mtoto kwenye bomba, akachukua sabuni ya mche, akaosha kidonda kwa maji yanayotiririka, akahesabu dakika kwa saa yake mpaka zikatimia 15. Mtoto alilia, naye akamwambia, "Vumilia, mjukuu wangu, vumilia, hiki ndicho kitakachokuponya." Kisha akatuambia twende hospitali saa ile ile, tusingoje kuche.

Wakati tukitafuta bajaji tulimwona ameinama kwenye bomba. Alikuwa ameteka udongo safi chini ya mwarobaini, anaosha mikono yake na nguo iliyoguswa, mara saba, na mojawapo kwa udongo, kama sheria ya dini yake inavyomwagiza. Sala yake ya alfajiri ilikuwa inamngoja. Hakutuambia neno la lawama. Sisi tuliosoma habari za Msamaria tangu shule ya msingi tulimwona siku ile kwenye bomba letu wenyewe.

Hospitalini mtoto alianza sindano za chanjo ya kichaa cha mbwa. Alichomwa siku ile, tena siku ya tatu, tena siku ya saba, na baadaye kama daktari alivyoagiza. Tulilipa sisi. Mama alikosa miadi yake, akapangiwa nyingine baada ya majuma mawili, nasi tukamweka muda wote huo bila malipo. Simba alifungwa peke yake, akachunguzwa kwa siku kumi; maana mbwa aliyeuma akiwa hai na mzima baada ya siku kumi, hakuwa na ugonjwa katika mate yake siku ile alipouma. Siku zile kumi tulizihesabu kama mfungwa anavyohesabu. Tulikuwa tukiamka usiku kumtazama kwa tochi kama amekunywa maji. Siku ya kumi alikuwa mzima. Tulimshukuru Mungu, lakini hatukuweza kushukuru kwa sauti kubwa, kwa sababu rehema ile hatukuistahili.

Mama yule hakutugombeza hata mara moja. Siku ya kuondoka alitushika mikono, akasema neno moja: "Mwalimu, mngeniambia tu. Ningemshika mkono mwanangu."

Neno hilo halijatutoka mpaka leo.

Baada ya hapo tulisoma Torati kwa macho mengine. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 Mungu anamwagiza kila ajengaye nyumba mpya azungushe ukuta mdogo kandokando ya paa, ili mtu asianguke, na damu yake isiwe juu ya nyumba ile. Nyumba za wakati ule zilikuwa na paa la tambarare, watu walipumzika huko jioni na wageni walilazwa huko. Mwenyeji aliijua kingo ya paa lake, mgeni hakuijua. Basi Mungu hakumwambia mgeni awe mwangalifu. Alimwambia mwenye nyumba ajenge. Sisi wa Kariakoo hatuhitaji kufafanuliwa sana jambo hili, kwa maana tulisimama mtaani tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lilipoporomoka na kuchukua roho za watu walioingia humo kwa shughuli zao. Aingiaye katika nyumba huikabidhi nyumba ile uhai wake, na kwa kawaida hata haulizi.

Kisha tulisoma Kutoka 21:28-29. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, mwenyewe hana hatia ikiwa hakujua. Lakini ikiwa ng'ombe yule alikuwa na tabia hiyo tangu zamani, na mwenyewe ameonywa, naye hakumzuia, basi hatia ni yake. Tazameni haki ya Mungu ilivyo na vipimo. Haimhukumu mtu kwa asilolijua. Inamhukumu kwa alilolijua akalinyamazia. Suruali ya yule kijana wa mkaa ndiyo iliyokuwa onyo letu. Tulilipa shilingi, tukadhani tumelipa onyo.

Ndugu, tusidhani kwamba maneno haya ni ya wafuga mbwa peke yao. Kila nyumba ina jambo lake ambalo mwenyeji amelizoea na mgeni halijui: ngazi iliyooza, waya wa umeme ulio wazi, shimo lisilofunikwa, kijana mlevi arudiye usiku wa manane. Tumelizoea hata hatulioni. Mgeni akiuliza, tunasema, "Halina neno." Wangapi wameumia kwa sababu ya maneno hayo mawili?

Sasa tutoe mashauri, maana mahubiri yasiyofika uani hayajafika nyumbani.

La kwanza, tuseme kweli kabla ya kupokea fedha. Mgeni aambiwe mbwa ni wangapi, wakubwa au wadogo, wanafungwa saa ngapi, wanafunguliwa saa ngapi, na kama mmoja amewahi kuuma aambiwe hivyo. Wengine watakwenda kwingine. Waende kwa amani. Tangu tuanze kusema hivyo tumepoteza wageni kadhaa, na tumepata usingizi.

La pili, tujenge ule ukuta wa paa. Sisi tumezungushia sehemu ya uani kwa nguzo na mabati, na mlango wenye komeo linalofungwa kwa nje. Njia ya kwenda chooni imekuwa mbali na mbwa, na ina taa inayowaka usiku kucha. Gharama ilikula mapato ya miezi miwili. Ni haki yake.

La tatu, chanjo isipitwe. Walimu wenzetu wanakumbuka habari ya Louis Pasteur wa Ufaransa: mwezi wa Julai mwaka 1885 alimchanja mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto akapona. Tangu hapo kinga ipo. Hata hivyo wataalamu wa afya wanakisia kwamba watu kama 59,000 hufa kila mwaka duniani kwa ugonjwa huu, wengi katika Afrika na Asia, na wengi wao ni watoto. Dalili zikishatokea, karibu hakuna aponaye. Kwa hiyo aliyeumwa aoshwe kidonda kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, apelekwe hospitali siku ile ile. Asipakwe mafuta ya taa, wala pilipili, wala manyoya ya mbwa.

La nne, tumheshimu mgeni wa dini nyingine na jirani wa dini nyingine. Mfanyabiashara Mwislamu atokaye Moroni au Unguja anataka kuswali mara tano, na mahali pake na nguo zake zisiguswe na mate ya mbwa. Tusiseme, "Hayo ni mambo yao." Mtume Paulo katika Warumi 14 anatufundisha tusiweke kikwazo katika njia ya ndugu, hata kwa jambo ambalo sisi wenyewe tunaliona halina uchafu. Kwetu sasa mbwa haingii ukumbini kamwe, ndoo na vyombo vya mbwa viko mbali na vya watu, na mkeka wa kuswalia uko chumbani, safi, umefungwa katika kitambaa. Na jirani yetu sasa anaketi uani. Ilimchukua miezi kadhaa kuzoea. Sisi ilituchukua miaka kuona kwamba hakuwa anaketi.

La tano, tumhurumie mbwa mwenyewe. Mithali 12:10 inamsifu mwenye haki aujuaye uhai wa mnyama wake. Mbwa anayefungwa juani bila maji, anayepigwa, anayeona kila juma sura mpya zikipita mbele yake, hujaa hofu, na hofu ndiyo inayouma. Ndugu wengi walituambia tumpige Simba risasi au tumtie sumu. Wengine walisema tumpeleke usiku tukamwache Jangwani. Hilo la mwisho lingekuwa kosa lile lile kwa mara ya pili, yaani kumpa mtu asiyejua hatari tunayoijua sisi. Tulimpeleka kwa ndugu yetu mwenye shamba Kisarawe, lenye uzio na lisilo na watoto, na kabla hajampokea tulimweleza yote, la mkaa na la mtoto. Akafikiri siku mbili, akakubali. Popi amebaki.

Tumalizie kwa lile somo la Marko 7. Bwana wetu alisafiri mpaka nchi ya Tiro, nchi ya ugenini, akaingia katika nyumba ya mtu. Hatuambiwi mwenye nyumba ni nani. Tunaambiwa tu kwamba Bwana alikuwa mgeni pale, na hakutaka ijulikane. Humo ndani akaja mama mwenye binti mgonjwa, na mazungumzo yao yakawa juu ya watoto, mkate, na mbwa walio chini ya meza. Wengi wametatizwa na mazungumzo yale, nasi pia. Lakini mama yule hakukata tamaa. Alijua nyumba ilivyo: watoto hula kwanza, na mbwa naye ana sehemu yake, na katika nyumba yenye utaratibu hakuna aliyesahauliwa. Bwana akamsikia, na binti yake akapona.

Basi katika nyumba zetu utaratibu uwe huo. Mtoto wa mgeni kwanza. Mbwa baadaye, naye apewe chake. Na fedha iwe ya mwisho. Sisi tulikuwa tumeigeuza orodha hiyo juu chini.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Tulikuwa tukidhani maana yake ni kwamba siku ya mgeni tutakula kuku. Sasa tunajua kwamba mgeni akija huja na taa, huyamulika yaliyofichika uani kwetu, na tukikubali kuyaona tunapona. Yule mama hupiga simu kila Pasaka kutusalimu. Mwanawe ana kovu dogo chini ya goti, na anaendelea vizuri na shule. Mwaka uliopita alikuja tena kwa daktari. Tulimwuliza kwa nini hakutafuta mahali pengine, naye akajibu, "Kwenu sasa naambiwa kila kitu."

Tuombe.

Ee Bwana Yesu, uliyelala ugenini nawe huna nyumba yako, utufundishe kuzitazama nyumba zetu kwa macho ya mgeni. Utuondolee uongo mdogo tunaousema kwa ajili ya fedha. Uwalinde watoto wanaoamka gizani katika nyumba wasizozijua. Uwabariki majirani zetu wa dini nyingine wanaotutendea mema tusiyostahili. Na siku tutakapobisha mlangoni pako, utupokee. Amina.